Gauni la Jemedari

Naanza na hili ili nisije nikaeleweka vibaya: mtu yule sikumpenda, simpendi, na siku nitakayompenda mjue nimeshaanza kuchanganyikiwa. Niliyoyafanya niliyafanya kwa hasira. Watu wa mtaani wananisifu kwamba nina moyo mweupe, wanakuja mpaka kibandani kunipa pongezi, nami nawaambia wapunguze maneno, watoe kitambaa nipime.

Mimi ni fundi wa kushona. Kibanda changu kinatazamana na karakana ya mageti na madirisha ya chuma, barabara tu ndiyo inayotutenganisha, na ovaroli za mafundi wa pale zote zimepita kwenye cherehani changu. Kitambaa kizito cha kijivu, mshono mara mbili mapajani, na juu ya mfuko wa kifuani jina la mwenyewe kwa uzi mwekundu. Jina lenyewe si lile la kitambulisho, ni lile wanaloitana kazini. Babu Gesi ndiye mzee wa mitungi. Brashi anapaka rangi. Jemedari ndiye mkubwa wao, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba chumvi. Na alikuwepo Redio, mdogo wangu wa tumbo moja.

Walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa anaanza kusimulia kabla hajavua kofia, anasimulia huku cheche zinaruka, na akivuka barabara kuja kunisalimia nilikuwa nasikia habari akiwa bado upande ule. Nikimwambia anyamaze nihesabu vishikizo, ananyamaza, kisha anahesabu yeye kwa sauti.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Nyuma ya mitungi ya gesi, kwenye msumari, lilining'inia gauni la maua makubwa ya manjano. Fundi akiungua akapiga kelele, anavishwa. Akisema mgongo unamuuma, anavishwa. Akiomba ruhusa kwa sababu mtoto anaumwa na mama yake hayupo, anavishwa, anashinda nalo mpaka kufunga kazi, na wateja wakiingia wakicheka, yeye anatakiwa kucheka kuwashinda. Aliyelitundika lile gauni ni Jemedari. Nilishawahi kuvuka barabara nikamwambia kwamba mchezo ule haunifurahishi. Akanijibu, kwa adabu zake zote, kwamba mambo ya wanaume niwaachie wanaume.

Basi mke wa mdogo wangu akaondoka na watoto. Sina neno naye, mambo ya ndani ya nyumba yana wenyewe. Ila tangu hapo Redio akapungua sauti, kisha akazimika kabisa. Pale karakana wakapata kichekesho kipya: wakawa wanamgonga begani, wanasema betri imekwisha. Siku moja, wakati wa chai, akajaribu kuongea. Akawaambia hapati usingizi, kwamba anakesha anatazama dari, na kukicha haoni cha kuamkia. Machozi yakamdondoka palepale, kikombe mkononi. Jemedari akainuka, akaenda nyuma ya mitungi, akarudi na gauni.

Hayo yote sikuyajua wakati ule. Nilichokiona mimi ni kwamba siku zilizofuata mdogo wangu alitulia, akawa hata anatabasamu, akanirekebishia mlango wa kibanda uliokuwa unakwama. Nikashukuru, nikajua anapata nafuu. Halafu akajiua. Nalitaja neno hilo kwa sababu wengine wote walilikwepa, wakasema amefariki ghafla, utadhani ni mafua.

Kwenye mazishi Jemedari ndiye aliyewasemea wenzake. Alisimama kifua mbele, akasema: "Leo tumemzika mwanaume. Miaka yote niliyofanya naye kazi, sijawahi kuliona chozi lake." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Hata mimi, na ujinga wangu wa siku ile, nilimshukuru.

Baada ya mazishi Babu Gesi akaniletea mfuko wa vitu vya marehemu. Ndani kulikuwa na ovaroli, imefuliwa, imekunjwa vizuri. Nikaikunjua. Juu ya mfuko wa kifuani jina halikuwepo. Alikuwa amelifumua mwenyewe, uzi mmoja mmoja, taratibu, bila kuchana kitambaa, na matundu ya sindano yangu yalikuwa bado yanasomeka: Redio. Alitaka nguo imfae atakayekuja baada yake. Nikamwuliza Babu Gesi kama kuna aliyemfukuza kazi. Mzee akaanza kulia, akanieleza ya wakati wa chai, kisha akatoa simu akanionyesha picha ambayo Brashi aliipiga na kuisambaza kwa wenzake. Mdogo wangu amesimama katikati ya mageti, amevaa maua ya manjano juu ya ovaroli, anacheka. Mimi nakijua kicheko chake. Kile hakikuwa chake.

Kuanzia hapo nikawa na kazi mbili, kushona na kuchukia. Sikuacha kuwashonea. Ningeacha, ningemwonaje Jemedari kila siku? Kwenye kola ya ovaroli yake mpya niliacha ncha ngumu za uzi makusudi zimchome shingo, na makalioni nikambania kitambaa, akawa anatembea kama anayekanyaga mayai. Hayo yalikuwa ya kujiliwaza tu. Nilichokitaka hasa ni kimoja: siku moja, mbele ya mafundi wote na wateja, nimvishe yeye lile gauni. Nilikuwa naiwaza siku hiyo nikishona, nikipika, nikioga. Nilishajua hata nitamfunga vishikizo nikianzia cha juu.

Siku yenyewe ilikuja asubuhi, na haikuja nilivyoipanga. Jemedari alivuka barabara akiwa na ovaroli zake mbili mikononi, zimefuliwa, zimepigwa pasi. Akaniamkia, akaziweka juu ya meza.

"Dada, naomba unifumulie jina," akasema.

Nikamwuliza kwa nini. Akasema zitamfaa mwingine. Nikamwuliza yeye atavaa nini. Akasema yeye anapumzika. Nikadhani amestaafu, lakini sauti yake ilikuwa ya chini, na Jemedari kusema chini sikuwahi kumsikia. Kisha akanishukuru kwa kazi nzuri ya miaka yote, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu anijue, na akaongeza kitu kilichonitoa jasho.

"Ile kola najua ulifanya makusudi. Ulikuwa na haki."

Akaondoka. Alishika ukingo wa mlango kwanza, akapapasa kwa mguu mahali penye ngazi, ndipo akashuka. Hajafika katikati ya barabara, nilikuwa nimeshaelewa. Nguo safi, jina lifumuliwe, zimfae mwingine. Yote hayo nilishayaona, yamekunjwa ndani ya mfuko.

Na nilifurahi. Sitalifunika hilo kwa maneno mazuri. Nilihisi furaha ikinipanda kutoka tumboni kama mtu aliyelipiwa kisasi bila kunyoosha kidole. Nikajiambia: kaa kimya, fundi, umeombwa kufumua, fumua. Yeye alimwona mdogo wako anazama, akaona ni mchezo. Sasa na wewe endelea na kazi yako, mambo ya wanaume waachie wanaume.

Nikachukua mkasi mdogo, nikaanza na herufi ya kwanza. Uzi ulikubali, ukatoka bila ubishi. Nikaingia ya pili. Nikapeperusha nyuzi, nikatazama, na pale palipokuwa na herufi pamebaki matundu.

Msinipe sifa nisizostahili, sikuingiwa na huruma. Kilichonijia ni mazishi. Nilimwona mtu mwingine, sijui nani, amesimama kifua mbele, anasema leo tumemzika mwanaume, hatukuwahi kuliona chozi lake. Watu wanatikisa vichwa. Jemedari anaondoka na sifa zake zote. Na yale aliyoyasema juu ya mdogo wangu yanabaki hivyohivyo milele, maana mwenye kuyarudisha atakuwa ameshafukiwa nayo. Halafu eti anapumzika. Nani kamruhusu apumzike? Mimi sijalala usingizi wa maana tangu nilipoikunjua ile ovaroli, yeye apumzike?

Nikatupa mkasi. Nikavuka barabara bila kutazama magari.

Karakana ilikuwa kazini, lakini Jemedari hakuwepo. Brashi alikuwa ameshika kofia ya kuchomelea ya bosi wake, anaipangusa kwa fahari, akaniambia amepewa iwe yake kabisa. Babu Gesi alikuwa na funguo za stoo. Jemedari alikuwa amewaaga mmoja mmoja, amewapa mkono, akaenda nyumbani. Nikauliza mkewe yuko wapi. Wakasema amekwenda kumwuguza binti yao aliyejifungua, hayupo wiki nzima. Nikawaambia tumfuate sasa hivi, mtu yule anataka kujiua.

Mngewaona. Wanaume wazima, wanaobeba mageti kwa bega, wakaanza kukuna vichwa. Brashi akasema Jemedari hapendi kufuatwafuatwa. Mwingine akasema mtu mzima akitaka kuwa peke yake aheshimiwe, na tukimkuta anakula zake itakuwa aibu. Nikaenda nyuma ya mitungi, nikaling'oa lile gauni na msumari wake.

"Redio naye mlimheshimu hivyohivyo," nikasema. "Mlimwacha peke yake. Sasa yuko wapi?"

Babu Gesi ndiye aliyevua glovu kwanza. Brashi akaweka ile kofia chini, akatufuata.

Nyumba ya Jemedari iko mitaa miwili nyuma ya karakana. Geti lake alilitengeneza mwenyewe, zito, la mapambo, na siku ile nilitamani angekuwa fundi mbovu. Tuligonga. Kimya. Babu Gesi akaita jina. Kimya. Brashi akanong'ona kwamba labda amelala, turudi baadaye, nami nikaokota jiwe nikalipiga lile geti mpaka majirani wakatoka, rangi ikawa inabanduka, na kila ilipobanduka nilisikia raha. Mwisho tukasikia komeo.

Alikuwa ameoga, amevaa shati jeupe. Sebuleni kila kitu kilikuwa mahali pake, sakafu imepigwa deki, simu imezimwa iko mezani pamoja na pete yake. Alitutazama kwa kukunja uso, kama mtu anayesoma maandishi madogo, kisha akaona rangi ya manjano mkononi mwangu, akaelewa ni nani.

Nilimwuliza bila kuzunguka. "Jemedari, unataka kujiua?"

Brashi alikohoa kana kwamba nimetukana. Jemedari hakukohoa. Alijibu kwa sauti ileile ya asubuhi.

"Ndiyo, dada."

Nikamwambia akae. Akakaa. Akaanza kusema, mwanzoni kwa vipande, baadaye kama bomba lililopasuka. Kwamba macho yanamwisha, miaka ya mwanga wa kuchomelea imeyala, anaona vivuli tu, na muda wote huo amekuwa anachomelea kwa kukisia huku akimkaripia kila mtu ili wasimsogelee wakajua. Kwamba mwanaume asiye na kazi hajui anakaaje kwenye nyumba hii. Mkewe hajui. Hakuna anayejua. Babu Gesi akamwuliza, kwa uchungu kweli, kwa nini hakumwambia hata yeye, wamekula pamoja tangu ujana.

"Ningewaambiaje?" akasema. "Gauni nimelitundika mwenyewe."

Halafu akanigeukia. Akasema kila akifumba macho, Redio anakuja na kikombe cha chai, anataka kumweleza jambo, na yeye anamkatiza. Kila usiku anamkatiza. Akanyoosha mikono mbele yangu, yote miwili, kama mtoto anayevalishwa.

"Nivishe, dada. Najua ndicho ulichokijia."

Nilikuwa na gauni, nilikuwa na mashahidi, nilikuwa naye amekaa ameinama. Nilikuwa nimeiota picha hii mpaka nikaimaliza rangi. Na sikupata utamu hata wa ncha ya ulimi. Kumvisha mtu ambaye ameshajivisha kuna raha gani? Lakini hasira ilikuwepo, msidhani iliondoka. Ilikuwepo, imesimama, inadai haki yake.

"Gauni baadaye," nikamwambia. "Kwanza rudisha maneno yako ya makaburini."

Alielewa mara moja. Nikasubiri. Nilikuwa tayari kusubiri mpaka ndevu zimwote upya.

"Alilia," akasema. "Redio alilia mbele yangu. Aliniambia hana cha kuamkia. Alikuwa anaomba msaada, nami nikamfanya kichekesho cha watu. Kisha nikasimama kaburini kwake nikadanganya, kwa sababu niliona aibu. Si kwa ajili yake. Aibu yangu."

Na hapo akalia yeye. Alilia vibaya, kwa kelele, bila kujua aweke wapi uso, kama mtu anayefanya kazi ambayo hakuwahi kufundishwa. Nikasikia kwikwi nyingine, nikageuka: Babu Gesi alikuwa amenyakua gauni mkononi mwangu, amelikandamiza usoni, anajifutia. Brashi alitoka mpaka uani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akaniambia ile picha ameifuta. Nikamwambia hiyo hainitoshi, akawaombe na wale aliowatumia waifute.

Jemedari alipopata pumzi akasema sasa amesema, nimwache. Nikamwinamia mpaka aone uso wangu vizuri.

"Sikuachi. Hufi leo, hufi kesho. Ukijiua umeninyang'anya mara ya pili. Nakutaka hai, unasikia? Uamke, ukumbuke, uendelee kusema ulichosema hapa. Hiyo ndiyo adhabu yako, na mimi ndiye nitakayeisimamia."

Sijui daktari angesema nini juu ya maneno yale. Labda angenifukuza. Lakini Jemedari alitikisa kichwa kukubali, tena haraka, kama mtu aliyeshushiwa kamba. Nilimwachia Brashi kazi ya kukagua nyumba nzima na kuondoa chochote cha kumdhuru, na ya kumpigia simu mkewe, amwambie ukweli wote bila kuupaka rangi. Babu Gesi akamshika Jemedari mkono huu, mimi nikamshika ule, tukampeleka hospitali. Njiani watu walisimama kututazama. Mkubwa wa karakana, shati jeupe, machozi yanatiririka mchana kweupe. Hakuna aliyecheka. Mmoja alitaka kuanza, akakutana na macho yangu.

Walimlaza, wakampa dawa, wakampa na mtu wa kuzungumza naye. Mkewe alifika kesho yake amebeba mizigo yake yote kichwani na hasira zake zote mdomoni, akamgombeza kwa kumficha, kisha akakaa kitandani pake akamshika mguu. Macho hayakupona. Mengine, kidogokidogo, yanapona. Siku hizi anakaa mbele ya karakana anapokea wateja, anapiga bei, na kwenye kazi ya kupiga bei kelele zake zina faida.

Lile gauni nililichukua. Nililifumua lote, mishono ya mabegani, ya ubavuni, ya pindo, mpaka likarudi kuwa vipande vya kitambaa visivyojua vilikuwa nini. Kwenye ovaroli ya Jemedari nikazirudisha zile herufi mbili nilizozitoa, nikazishona kwa uzi mara mbili. Ile ya mdogo wangu sikuigusa. Imening'inia ukutani kibandani na matundu yake, mahali ambapo anayekaa kwenye kiti cha wateja lazima aitazame.

Na Jemedari hukaa hapo. Ndiyo hukumu yake: kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, avuke barabara, akae, aniambie amelalaje na anaamkia nini. Akisema salama tu, simruhusu kuondoka. Wakati mwingine Brashi naye anakuja na kishikizo ambacho hakijakatika, anajifanya ana shida ya kushonewa, anakaa pembeni anasikiliza. Jana aliniuliza kama mtu anaweza kukosa usingizi bila sababu. Nikamvutia kigoda.

Watu wanasema nimesamehe. Sijasamehe. Kuna asubuhi moja Jemedari alichelewa. Wenye maduka walishafungua, jua lilishafika mezani kwangu, kiti kitupu. Nikajaribu kuingiza uzi kwenye sindano, ukakataa. Nikajikuta nimesimama katikati ya barabara, futi ya kupimia shingoni, magari yananipigia honi, namtafuta mtu ninayemchukia kuliko wote duniani. Akatokea kwenye kona, amemshika mkewe bega, anatembea polepole, ana alama ya mto shavuni.

"Nisamehe, dada," akasema. "Nilipitiwa na usingizi. Nimelala mpaka jua limeniamsha."

Usingizi. Nilimtukana pale barabarani mpaka mkewe akaziba masikio. Usingizi huo ndio mdogo wangu aliouomba, mbele ya huyuhuyu, kikombe mkononi. Niliposhindwa kuendelea nikamshika kiwiko, nikamvusha, nikamwonyesha kiti.

"Haya, kaa," nikamwambia. "Anza kusema."